Sura ya Tano: Majumba ya Nairobi na Milango Yake

Watu wa Misikhu, kwetu Bungoma, waliowahi kufika Nairobi hawayataji majumba ya mji ule kwa idadi ya orofa wala kwa majina ya waliochora ramani zake. Huyataja kwa shida iliyowapeleka. Ardhi House ni hatimiliki ya shamba iliyokwama tangu babu alipofariki. Bima House ni pensheni ya mwalimu mstaafu. Jogoo House ni mambo ya shule. Jumba la Nyayo ni pasipoti, na kwa waliokula chumvi nyingi ni jambo jingine nitakalolifikia. Mtu hupanda gari Webuye jioni, akasinzia kitini kupitia Turbo, Eldoret na Nakuru, bahasha ya kaki ikiwa ndani ya koti. Hushuka alfajiri, akanawa uso kwenye choo cha kulipia, kisha akaenda kusimama nyuma ya watu waliomtangulia kwa saa mbili.

Kwa hiyo nitayafuata majumba hayo kwa milango yake. Uso wa jumba la serikali hujengwa kwa ajili ya mgeni anayelitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mlangoni ndipo panapoonekana nani alitarajiwa kuingia bila kuulizwa, nani alitarajiwa kuvua kofia kwanza, na nani hakutarajiwa kabisa. Wenye majumba ya Nairobi wamebadilika mara kadhaa katika miaka mia na ushei. Tabia za milango zimekuwa nzito kubadilika.

Nianzie nyumbani, maana wapo wanaodhani kuwa jengo la umma lililetwa huku na reli. Babukusu, wenyeji wa huku, walikuwa nalo. Lukoba, kijiji chenye ngome, kilizungukwa na ukuta wa udongo na handaki, na watu wakaishi ndani pamoja na mifugo yao. Mlango wake ulikuwa wa kuwazuia maadui na kuwalaza salama wenyeji. Mabaki ya ngome ya Chetambe yapo juu ya kilima kinachoitazama Webuye, mwendo mfupi tu kutoka Misikhu. Mwaka wa 1895 kikosi cha Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa na kituo Mumias, kilikuja na askari wa Kisudani na wapiganaji washirika, kikaipiga ngome ya Lumboka kwanza, halafu Chetambe. Ngome ikavunjwa. Tangu hapo, mashauri makubwa ya watu wa huku yakawa yanaamuliwa ndani ya kuta walizojenga wengine, mbali.

Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Mei 1899, reli kutoka Mombasa ilifika kwenye tambarare ambayo Wamaasai waliijua kwa maji yake baridi. Waliokuwa na reli walitaka mahali pa kupumzisha mashine na watu kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Mji haukuwa katika mawazo yao. Nairobi ya kwanza ilikuwa mahema na mabati, na tauni ilipozuka mwaka wa 1902, wakubwa waliuteketeza mtaa wa biashara wa Wahindi kama mtu anavyochoma takataka. Hata hivyo, mwaka wa 1905 makao makuu ya utawala yalihamishwa kutoka Mombasa hadi hapo. Mji wa mabati ukawa mji mkuu kabla haujapata nyumba moja ya kujivunia.

Nyumba za mawe zilikuja polepole. Mbili kati ya zile za mwaka wa 1913 bado zimesimama, na kwangu hizo zinaeleza mengi kuliko maghorofa yote ya vioo. Ya kwanza ni ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, kwenye kona ya Barabara ya Kenyatta na Uhuru, ambayo leo ni jumba la sanaa na hifadhi ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Wazungu waliita mahali pale, kwa utani, nyumba ya kuzaliwa, kuoana na kufa, kwa sababu mambo hayo matatu yaliandikishwa pale. Masafa ya barabara za nchi pia hupimwa kuanzia hapo.

Ya pili iko karibu nayo. Ilijengwa na Gurdit Singh Nayer, mkandarasi Mhindi wa reli, ikiwa ghala kando ya njia ya garimoshi iliyopita hapo wakati huo. Baadaye ikapata kazi iliyoipa jina la Kipande House. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe aliyoruhusiwa kuondoka kazini. Karatasi hiyo ilikunjwa ikatiwa ndani ya kiboksi cha bati, na kiboksi kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Wagikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Kibarua kutoka upande wetu aliyelima mahindi ya mlowezi Trans Nzoia hakuhitaji kuiona Nairobi ili abanwe na kipande. Alisajiliwa kwa DC, mkuu wa wilaya. Reli ya tawi ilipofika Kitale mwaka wa 1926, mahindi hayo yalipanda behewa kwenda pwani bila kuulizwa chochote, huku aliyeyavuna akishindwa kuondoka shambani kihalali mpaka mzungu wake atie sahihi. Akitoroka, nakala ya alama zake za vidole ilikuwa imehifadhiwa Nairobi. Vidole vya watu wa huku vilifika mji mkuu kabla ya wenyewe. Leo Kipande House ni tawi la benki. Benki ya Biashara ya Kenya ililinunua jengo hilo mwaka wa 1976, na ukiingia pale sasa, anayekupokea anataka pesa zako na si shingo yako.

Majumba ya fahari yenyewe, yale ya nguzo na matao, yalikuja na Gavana Edward Grigg, aliyetawala kati ya 1925 na 1930. Grigg alimwita Herbert Baker, msanifu aliyekuwa amechora Union Buildings za Pretoria na aliyeshiriki na Edwin Lutyens kuijenga New Delhi. Baker aliamini kwamba mtawala wa Kiingereza akiwa chini ya jua kali anahitaji kuta nene, veranda pana na ua wa ndani wenye kivuli, na kwamba jengo lenyewe linapaswa kuwatuliza wanaotawaliwa kwa ukubwa wake. Yeye na mwenzake Jan Hoogterp wakaipa Nairobi nyumba ya gavana, ambayo leo ni Ikulu, makao makuu ya reli, shule ya wavulana wa kizungu iliyoitwa Prince of Wales na leo ni Nairobi School, na jengo la mahakama. Nyumba hizo ni nzuri, hilo silikatai. Ukipita mahakamani saa za jioni, jua likiwa limelala juu ya zile nguzo, utaelewa kwa nini mtu aliyetoka kijijini angepunguza sauti bila kuambiwa. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Katika miaka hiyo hiyo ilifunguliwa maktaba ya McMillan, mwaka wa 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba Ol Donyo Sabuk na aliyefariki mwaka wa 1925. Ngazi zake ni pana, na simba wawili wa mawe wamelala kila upande, wamechoka kama walinzi wa zamu ya usiku. Kwa muda wa kizazi kizima maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kufagia kati ya makabati ya vitabu, lakini kuketi na kusoma hakuweza, mpaka mwaka wa 1958. Hadi leo jengo hilo lina sheria yake maalumu ya Bunge, iliyotungwa mwaka wa 1938 kulilinda. Katika miaka ya karibuni Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao la Book Bunk, wamekuwa wakikarabati maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na watoto wa Eastlands wanaketi mahali ambapo babu zao wangefukuzwa.

Sasa nirudi mahakamani, maana hapa ndipo upande wetu wa nchi unapoingia katika habari ya majumba ya Nairobi kwa njia ya ajabu. Mwaka wa 1952, hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ilimkamata Jomo Kenyatta pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Jengo la mahakama la Nairobi lilikuwapo, pamoja na nguzo zake, maktaba ya sheria na viti vya waandishi wa habari. Lilikuwa limejengwa kwa ajili ya kesi kubwa, na kesi kubwa kuliko zote katika historia ya koloni ilikuwa imefika.

Serikali haikuthubutu kuifungua milango hiyo. Ilijua kwamba umati ungejaa kuanzia ngazi hadi barabarani. Kesi ikapelekwa Kapenguria, kaskazini ya Kitale, katika wilaya ambayo mtu wa nje hakuingia bila kibali. Chumba cha shule kikageuzwa mahakama. Jaji Ransley Thacker akaketi pale. D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyeongoza utetezi, pamoja na wenzake, hawakuwa na hoteli Kapenguria, hivyo walilala Kitale na kila siku ya kesi kuifuata barabara ya vumbi asubuhi na kurudi jioni. Kwa miezi michache, Kitale, mji wa walowezi wa mahindi, ukawa na mawakili kutoka Uingereza, India, Nigeria na kwingineko, na watu wa hapo hawakujua wawaketishe wapi. Hoteli za Kitale zilikuwa za Wazungu, na baadhi ya mawakili hawakuwa Wazungu. Tarehe 8 Aprili 1953 hukumu ilitolewa, miaka saba na kazi ngumu.

Mimi hulitazama jengo la Baker kwa jicho hilo. Jumba lililojengwa ili litishe lilikimbiwa na wenyewe siku lilipohitajika. Ilibidi lingoje hadi tarehe 1 Septemba 2017, likiwa makao ya Mahakama ya Juu ya Kenya huru, ndipo majaji waliposomea humo uamuzi wa kufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Siku hiyo milango ilikuwa na watu nje yake, na televisheni zilikuwa wazi kuanzia Mombasa hadi vibanda vya chai vya Misikhu.

Nirudi nyuma kidogo, niende Bungeni. Mpango wa Nairobi wa mwaka wa 1948, uliotungwa na wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Thornton White, ulijitangaza waziwazi kuwa mpango mkuu wa mji mkuu wa koloni. Ulitenga eneo la majumba ya fahari ya serikali katikati ya mji, na mitaa ya Waafrika ikabaki mashariki. Katika hali hiyo likajengwa jengo la Bunge. Msanifu wake alikuwa Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa amejipatia sifa Uingereza kwa nyumba za mtindo mpya, nyeupe na zisizo na madoido. Nairobi alipewa kazi iliyodai madoido, na akachora mnara wa saa ili kila mpita njia aikumbuke London. Jengo lilikamilika mwaka wa 1954. Aprili mwaka huo huo askari waliizingira Nairobi katika msako wa Anvil, wakawakamata maelfu ya watu na kuwatupa kambini. Saa ya Bunge ilikuwa inagonga huku malori yakipita.

Juu ya mlango mkuu wa Bunge yalichongwa maneno ya Kiingereza kuhusu ustawi wa jamii na utawala wa haki. Waafrika waliokuwa ndani wakati huo walikuwa wachache na wa kuteuliwa. Machi 1957 ndipo Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao, na hata hapo si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Waliingia wanane: Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi, Lawrence Oguda, na wa kwetu, Masinde Muliro, mwalimu aliyesomea Cape Town. Wanane hao walikataa kushika uwaziri na kudai viti zaidi, wakavipata. Muliro aliendelea kuingia na kutoka kwa mlango huo kwa miaka mingi, akawekwa ndani ya serikali na kutolewa, na alifariki Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London kuutafutia upinzani pesa. Watu wa Kitale na Bungoma wakisema Bunge, bado wapo wanaomaanisha Muliro.

Uhuru ulipokuja, Wakenya hawakuvunja chochote. Walihamia. Gavana alipotoka katika nyumba ya Baker, rais akaingia, na jina likabadilika. Hilo halikuwa la Kenya pekee. Dar es Salaam na Entebbe nako wenye nyumba walipokezana funguo. Tanzania iliamua mwaka wa 1973 kuuhamishia mji mkuu Dodoma ili serikali ikae katikati ya nchi, na kuhama kwenyewe kukachukua zaidi ya miaka arobaini. Kenya haikuwaza kuhama. Ilitaka jumba moja litakalozidi yote ya mkoloni kwa urefu.

Hilo ndilo KICC, Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Kazi ilianza mwaka wa 1967 kama makao ya chama tawala cha KANU, na ikawa inakua kadiri tamaa ilivyokua. Wasanifu walikuwa wawili: Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway, na David Mutiso, Mkenya, aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali. Mnara una orofa 28 na umevikwa rangi ya udongo mwekundu. Chini yake kuna ukumbi wa duara ambao paa lake limechongoka juu, na kila mtu hulifananisha na analolijua: wengine nyumba ya msonge, wengine ua lililofumba. Napenda kwamba hakuna nguzo za Kigiriki. Napenda pia kwamba kiwanja chake kikubwa mtu anaweza kukikatiza kwa miguu akielekea kwingine, jambo ambalo majumba ya Baker hayakumruhusu. Kiwanjani hapo Kenyatta ameketi kwa shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler.

Jumba lilikamilishwa mbiombio mwaka wa 1973, kwa sababu Septemba ya mwaka huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wanakuja kufanya mkutano wao wa mwaka, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Humo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alitoa hotuba ambayo wachumi hawajaisahau. Alisema kwamba maendeleo yalikuwa yamewapita watu maskini kabisa wa mashambani, na akaweka shabaha kwamba kufikia mwaka wa 1985 mazao ya wakulima wadogo yawe yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Wakulima wadogo ni sisi: ekari mbili za mahindi na maharagwe, ng'ombe mmoja, migomba nyuma ya jiko. Habari zetu zilijadiliwa katika ukumbi wenye viti vya starehe na vifaa vya kutafsiria lugha, na waliojadili walishuka kwa lifti kwenda kula. Mkopo wa mbolea ulipofika Bungoma miaka iliyofuata, ulikuja na fomu.

Nani mwenye KICC? Lilijengwa kwa pesa za umma, likashikwa na chama. Kwa miaka mingi chama kilikodisha ofisi humo na kula kodi, na hakuna aliyeuliza, maana chama kilikuwa kimoja na kuuliza kulikuwa na gharama. Serikali mpya ilipoingia baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, ililichukua mwaka wa 2003, na likawa la umma kwa karatasi pia.

Mwaka huo huo serikali hiyo ilifungua mlango mwingine. Jumba la Nyayo lilikamilika mapema miaka ya 1980 kuwa makao ya utawala wa mkoa wa Nairobi, orofa 27 za rangi ya manjano pale pembeni mwa Uhuru Highway. Juu yake zilikaa ofisi za kawaida, na mtu aliingia kwa mlango wa mbele kutafuta karatasi zake. Chini ya ardhi kulikuwa na vyumba visivyokuwa na dirisha. Katika miaka ya 1980, hasa wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, wanafunzi, wahadhiri, wanasiasa na wakulima waliingizwa huko kwa gari, wakiwa wamefungwa macho. Walifungiwa katika vyumba vilivyomwagwa maji, uchi, kwa siku kadhaa. Walipohitajika kuhojiwa walipandishwa kwa lifti mpaka orofa za juu, kati ya ya 24 na ya 26, na walioandika habari zao baadaye wanakumbuka tumbo likishuka lifti ikipanda. Jumba lilikuwa moja na lifti zilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Mwananchi aliyekuja kwa shida zake alikuwa amesimama orofa chache juu ya mtu anayeteswa.

Februari 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa, na waliowahi kufungiwa humo wakaingia wakiwa na kamera nyuma yao. Waliahidiwa kwamba mahali hapo pangekuwa makumbusho. Mahakama imewalipa fidia baadhi yao. Makumbusho yenyewe yamechelewa. Huku juu, Idara ya Uhamiaji iliendelea na kazi, na vijana wetu wanaokwenda Saudia na Qatar kutafuta riziki hujipanga nje ya Nyayo wakiwa na picha na risiti. Wengi wao walizaliwa baada ya mwaka wa 2000 na hawajui kilicho chini ya viatu vyao. Nikiulizwa jumba lipi la Nairobi ningemwonyesha mtoto wa shule kwanza, ni hili, na ningeanzia chini.

Liko pia jumba ambalo halikujengwa, na ningekuwa mchoyo nisipolitaja. Mwaka wa 1989 KANU ilitaka kusimamisha mnara wa orofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi, kwa ubia na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, aliandika barua kwa kila aliyeweza kuisoma. Wabunge walimcheka wakiwa ndani ya Bunge lile la mnara wa saa, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa kwenye ofisi ya serikali. Wafadhili wa nje wakaingiwa na baridi, mradi ukafa. Nyasi za Uhuru Park zilibaki kwa watu wanaolala juu yake mchana wakingojea ofisi zifunguliwe baada ya chakula, na hao, nijuavyo, wengi wametoka mbali.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilibadili hesabu. Kazi nyingi zilishushwa kaunti, na Bunge likawa la vyumba viwili. Wabunge waliongezeka, nafasi ikapungua, na ukajengwa mnara mpya wa Bunge, orofa 28, uliochukua zaidi ya miaka kumi. Rais Ruto aliufungua tarehe 25 Aprili 2024. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 25 Juni, vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha walivunja uzio na kuingia Bungeni. Sehemu ya jengo ilishika moto, polisi wakafyatua risasi, watu wakauawa. Spika wa Bunge la Taifa ni mtu wa Bungoma, Moses Wetang'ula, na nyumbani kwake jambo hilo lilizungumzwa kwa lugha zote mbili, ya hasira na ya aibu. Waliotazama video za siku ile wameona vijana waliokuwa wakizunguka ndani kama watu walioingia nyumba ya mwenyewe asiyekuwepo: wengine wakiketi vitini, wengine wakipiga picha, wengine wakila chakula walichokikuta. Hawakuwa wamewahi kuingia. Wengi wao walilipita jengo hilo kila siku kwenda kutafuta kazi.

Huku kwetu majumba sasa yanajengwa karibu. Kila kaunti inataka ofisi ya gavana, ukumbi wa bunge la kaunti, nyumba ya gavana ya kuishi. Tume ya mishahara ililazimika kuweka kikomo, kwamba nyumba ya gavana isizidi shilingi milioni 45. Bungoma inayajua mambo ya bei. Ni kaunti iliyotajwa nchi nzima mwaka wa 2015 kwa wilbaro kumi zilizonunuliwa kwa zaidi ya shilingi laki moja kila moja, na mpaka leo ukisema unatoka Bungoma, utachekwa kwanza kabla ya kupewa kiti.

Safari za Nairobi zimepungua hata hivyo. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa katika vituo vya Huduma, Bungoma na Kitale, na pasipoti mtu huijazia fomu kwa simu kisha akaenda kupigwa picha katika ofisi ya uhamiaji iliyo karibu. Bunge la kaunti liko nauli ya matatu mbili kutoka Misikhu, moja hadi Webuye na nyingine hadi Bungoma mjini. Ibara ya 196 ya Katiba inasema vikao vyake vifanywe hadharani, na kwamba wananchi wasizuiwe kuingia ila spika awe ameona sababu ya pekee inayokubalika kisheria. Askari wa getini akikuuliza unamtafuta nani, mwambie umekuja kusikiliza kikao.